Sabufa ya Mzee Mashine

Mzee Mashine alipoamua kufunga sabufa kwenye gari lake kwa mikono yake mwenyewe, mtaa mzima ulipata la kusema. Jirani muuza vipuri vya baiskeli alisema uzee wa huyu unakwenda kinyumenyume. Mkewe, aliyeishi naye tangu angali na nywele kichwani, alisema tu, "Haya, baba, huo ujana tuone utaishia wapi," akaendelea kuanika nguo. Wote walidhani ni mbwembwe. Kumbe mzee wa watu alikuwa hausikii tena muziki, na aliona afadhali achekwe kwa mbwembwe kuliko ahurumiwe kwa masikio.

Jina hilo alilipata kwenye mashine ya kusaga nafaka. Ujana wake wote aliumalizia kando ya lile dude linalonguruma, akikinga unga kwenye magunia, bila hata kipande cha pamba masikioni. Usikivu ulimtoka taratibu, kama mgeni asiyetaka kuaga. Walianza kupotea ndege wa asubuhi, ukafuata mlio wa simu, zikaja kupotea sauti nyembamba za wanawake na watoto. Sasa alikuwa akisoma midomo, na kwa kazi hiyo alikuwa hodari kwelikweli. Ila ukimpa mgongo, basi tena, umeongea na ukuta.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na baba yake mdogo aliyepoteza masikio mapema, na yaliyompata aliyaona kwa macho yake. Watu wakicheka, baba mdogo alikuwa akiuliza, "Anasemaje?" Mwanzoni walimrudia. Baadaye wakawa wanamwambia, "Si kitu, utaambiwa." Mwishowe walimzoea kama kabati la sebuleni, wakawa wanapanga hata mambo ya shamba lake mbele yake bila kumwangalia. Mzee Mashine aliapa kwamba neno hilo, "Anasemaje?", halitatoka kinywani mwake hata siku moja. Watu wakicheka, naye alicheka. Wakisikitika, alitikisa kichwa. Akikosa kujua kama ni kicheko au msiba, alisema, "Dunia hii!" Amini usiamini, neno hilo linafaa kila mahali.

Angeendelea na ujanja wake huo hadi kaburini kama si mjukuu. Binti yake, muuguzi, alikuwa amehamishiwa zamu ya alfajiri, akamwomba baba awe anampeleka mtoto shule kwa gari, kuanzia Jumatatu. Mtoto mwenyewe ni msichana mdogo waliyembandika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mzee alikubali kabla binti hajamaliza kuomba. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama kumpakia Chiriku kwenye gari lile na kumshusha mbele ya geti la shule. Alijua fika kwamba mtu asiyesikia honi hana haki ya kubeba mtoto wa mwenzake barabarani. Alijua, na alijitia hamnazo.

Hapo ndipo sabufa ilipoingia. Alipewa na mpwa wake aliyekuwa akiliuza gari lake, pamoja na amplifaya na waya tele. Kwenye harusi moja mzee aliwahi kuegemea spika kubwa, ngoma ikampiga kwenye mbavu, na kidogo alie mbele za watu. Basi akajipa moyo kwamba ukiusikia muziki kifuani hujawa kiziwi bado. Na kama hujawa kiziwi, kwa nini usimwendeshe mjukuu wako? Hesabu za ajabu hizo, lakini mtu mwenye hofu ndivyo anavyojumlisha.

Kwa fundi hakuthubutu kwenda. Fundi akimaliza kazi atawasha, atamgeukia, atauliza, "Unaionaje, mzee? Niongeze?" Atajibu nini? "Dunia hii"?

Akatafuta video kwenye simu. Kijana mmoja mwenye ovaroli ya buluu alikuwa akifunga sabufa hatua kwa hatua huku anaelezea. Maelezo hayakumfikia, kwa hiyo mzee alikazia macho mikono ya kijana, akairudia video hadi simu ikapata moto.

Jumamosi baada ya chai alianza kazi. Alifungua betri kwanza, kama kijana alivyofanya. Waya mwekundu akaupitisha kutoka kwenye injini hadi ndani, akautia fyuzi karibu na betri, akauficha chini ya zulia. Akachomoa flashi ya nyimbo kwenye redio isije ikavunjika, akaitia mfukoni mwa shati, akaing'oa redio na kuunga waya za nyuma. Kisha akahamia kwenye buti. Ulibaki waya mweusi wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Kwenye video, hapo kijana aliinama, mgongo ukaziba kila kitu, akawa anaongea, anaongea, na alipoinuka waya ulikuwa umekwisha fungwa. Mzee naye akalegeza nati ya mkanda wa kiti, akaupachika waya juu ya rangi inayong'aa, akakaza kwa nguvu zake zote. Kijana alikuwa akisema kwamba ukwangue rangi kwanza, bati lionekane, la sivyo umeme utakuwa unapita na kukatika, na sabufa itagonga ovyo. Kila fundi hulisema hilo. Mzee Mashine aliona mgongo tu.

Mkewe alipita na beseni la nguo, akamtazama jasho linavyomtiririka. "Shati limekuwa tambara la gereji. Lete nilifue." Mzee akalivua, akabaki na fulana, akaendelea kulisukuma sanduku la sabufa ndani ya buti. Lilikuwa refu kuliko alivyokadiria. Likaziba kioo cha nyuma chote.

Alipomaliza, alirudisha redio na betri, akaketi kwenye usukani, akafunga milango, akawasha. Redio ikatoa mwanga wake wa buluu. Akakizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho.

Kishindo kikamjia. Dum. Dum-dum. Dum. Kikapanda kutoka kiunoni, kikapita mgongoni, usukani ukamtetemekea viganjani. Wimbo wa kwanza kwenye flashi ile ulikuwa ule uliopigwa siku anamtoa mkewe kwao. Mzee akafumba macho na kuanza kuimba, beti kwa beti, kwa sauti aliyokuwa hajaitoa siku nyingi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alifurahi mno. Sijafa, alijisemea, bado nimo.

Akaona aende nalo hadi barabara kubwa, watu wajue. Akawasha injini, akatia gia ya kurudi nyuma. Kwenye kioo cha katikati aliona sanduku jeusi tu. Akashusha breki ya mkono.

Viganja viwili vikapiga dirisha lake. Mkewe. Uso aliokuja nao mzee hakuwahi kuuona. Alifungua mlango, akajitupa juu ya magoti ya mumewe, akaivuta breki mwenyewe. Midomo yake ilikwenda mbio, haikusomeka. Kisha akakimbilia nyuma ya gari, akarudi amemshika Chiriku mkono. Mama yake mtoto alikuwa amemshusha getini muda mfupi kabla.

Mzee akazima injini. Sabufa ikaendelea, dum, dum-dum.

"Babu, nimekuita!" alisema mtoto, na midomo yake midogo ilisomeka vizuri mno. "Nimegonga buti, nimegonga tena, hata hunijibu!"

Mke alisubiri pumzi imrudie. Akamkabili mumewe, akasema taratibu, "Ulikuwa unaimba nini?"

"Wimbo wetu. Si huo unapiga?"

Mkewe alimwinamia mtoto. Aliukunjua mkono wa Chiriku. Katikati ya kiganja ilikuwemo flashi.

"Ilikuwa kwenye shati. Nikampa akuletee," alisema mke. "Hakuna wimbo humo ndani, baba. Linagonga tu, kama mtu anapiga debe."

Mzee akatazama redio. Tundu la flashi lilikuwa wazi. Akanyoosha mkono na kuizima, na kwenye kifua chake kila kitu kikanyamaza. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu, maana sasa alielewa mtoto alikuwa amesimama wapi.

"Tangu lini?" aliuliza mkewe.

"Tangu kwenye mashine."

"Nami nakusemesha jikoni, umenipa mgongo, hujibu." Midomo ilianza kumcheza. "Nikajua umenichoka. Nimelia peke yangu kwa ajili hiyo, unajua? Na wewe ulikuwa husikii tu!"

"Nikuchoke wewe?" alisema mzee. Alichomoa ufunguo wa gari, akaubana kwenye kiganja cha mkewe, akavikunja vidole vyake juu yake. "Mpigie mama yake. Jumatatu siendeshi. Mweleze sababu."

Mke alipiga simu palepale, amesimama kando ya mlango ulio wazi. Akaeleza. Kisha akanyamaza, akawa anasikiliza, macho yakimjaa, mkono umeziba mdomo. Mzee aliitazama ile simu, na simu haina midomo. Chiriku alimwegemea gotini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa kimya.

Ilikuwa tayari kwenye ulimi wake, "Dunia hii!", iliyomvusha mahali pengi. Akaimeza. Akamgusa mkewe mkono.

"Anasemaje?"

Mkewe akaondoa mkono mdomoni, akamgeukia uso kwa uso, akaanza kumrudia neno la kwanza.