Mpira wa Kusikilizia

Mume wangu alifumba macho, akapachika ncha moja ya kipande cha mpira wa maji sikioni na nyingine akaielekeza kwenye mdomo wa kabureta, kisha akawa anazungusha skrubu kwa bisibisi, pole pole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nimempa mgongo, nashona ngozi ya kiti. Nikaondoa mguu kwenye pedeli. Gari lile lina kabureta mbili, na kazi yote ya mpira ule ni kusikiliza pumzi ya kila moja mpaka zote zivute hewa sawasawa. Ya kulia ilikuwa inavuta vizuri. Ya kushoto ilikuwa inahema tu. Hata mtoto wa jirani angeisikia.

"Tayari," akasema mume wangu, akafuta mikono.

Tayari! Nikarudisha mguu kwenye pedeli.

Msinielewe vibaya. Mume wangu nampenda, ila gereji ile nilikuwa nimeichoka mpaka kwenye kucha. Zamani mtaa wetu wote ulikuwa wa mafundi wa magari haya ya kale. Palikuwa na mnyoosha bodi tuliyemwita Nyundo; ukimpelekea mlango uliokunjamana, anakurudishia huoni hata kovu. Nyundo kaburini, na nyundo zake wajukuu wanavunjia mkaa. Fundi rejeta siku hizi anauza vifaranga. Fundi wa umeme wa magari alihamia kwa mwanawe, na pale alipokuwa akifanyia kazi sasa wanabadilisha vioo vya simu. Kila mmoja aliondoka na ujuzi wake kichwani, wala hakuna aliyekuja kuuomba. Tukabaki sisi wawili, yeye na injini, mimi na viti, tukihudumia magari machache ya watu wenye mapenzi kuliko akili.

Binti yetu alikuwa ametutafutia nyumba karibu na kwake, yenye baraza linalotazama bustani. Nilikwenda kuiona. Nikakaa barazani, nikavuta pumzi, nikanusa majani na udongo, hakuna harufu ya petroli hata chembe. Jamani, nyumba ile niliitaka hadi nikawa naiota. Lakini mume wangu ni mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia jua linawaka atatoka nje kuhakikisha.

Ndipo Bi Mkunga akatuletea gari lake.

Bi Mkunga ni mkunga mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Nusu ya mji huu ilizaliwa mikononi mwake, binti yetu akiwemo, na gari lile ndilo lililokuwa likimfikisha kwa wazazi. Sasa alikuwa anahamia kwa mwanawe, kule juu mlimani. Mwanawe alikuwa amekata shauri: gari likipanda mlima kwa nguvu zake lenyewe, atalitengea nafasi uani. Likishindwa, linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na mlima wetu hauna mzaha. Hata magari ya juzijuzi hufika juu yakitoa moshi.

"Mama, niachie mimi," mume wangu akamwambia, mbele yetu sote. Kisha akamgeukia binti yetu. "Nikishindwa kulipandisha hili, nafunga gereji, mkanihamishie mtakako. Likipanda, nisisikie tena habari za baraza."

Binti yetu akanitazama. Mimi nikatazama sindano yangu.

Sasa mnajua kwa nini nilinyamaza aliposema tayari. Gari likikwama, baraza langu.

Na kweli likakwama. Bi Mkunga alikuja, akakalia kiti nilichomshonea, akaondoka kwa mbwembwe. Kwenye kilima kidogo cha pale shuleni, ambacho hata baiskeli hukipanda, gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Wapita njia wakalisukuma kulirudisha. Bi Mkunga akashuka, akakung'uta gauni lake.

"Fundi, huyu siku zake bado," akasema. "Mtoto akikataa kutoka leo, hutoka kesho. Lakini lori la vyombo vyangu linakuja asubuhi, na mimi naondoka nalo. Kesho asipotoka, basi tena."

Mchana kutwa mume wangu alilifungua gari lile na kulifunga. Akasafisha plagi, akabadilisha chujio la petroli, akakagua mabomba. Kisha akarudi kwenye mpira wake, akafumba macho, akazungusha skrubu, na pumzi ya kushoto ikazidi kuwa mbaya. Nilikuwa nimeteleka birika la chai nyuma yake. Likachemka, likapiga mluzi mpaka kifuniko kikaanza kucheza. Mimi nilikuwa mbali na nikakunja uso kwa kelele zile. Yeye alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, na shingo yake haikutikisika.

Niliinuka nikaliondoa birika. Kumbe hakuwa amefanya kazi ya haraka haraka, kama nilivyodhani. Hakuwa anasikia.

Akazima injini, akautundika mpira kwenye msumari wake ukutani. Akakaa juu ya kreti, akaiweka mikono yake mapajani, viganja juu, akaitazama.

"Mikono imesahau kazi," akasema. "Nitamwambia Bi Mkunga asubuhi. Mpigie simu binti, mwambie alete funguo za ile nyumba."

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimejileta chenyewe mpaka miguuni pangu. Nilitakiwa kufunga mdomo tu, kazi ambayo, nakiri, si fani yangu. Lakini mikono imesahau? Mikono ile? Mikono inayoingia chini ya injini, mahali macho hayafiki, ikatoka na nati iliyodondoka tangu enzi za mwenye gari wa kwanza? Angesema amechoka, ningemchemshia maji aoge. Angesema magari yamekwisha, ningeitikia. Kuisingizia mikono ile uongo mbele ya macho yangu, hapana. Hasira ilinipanda mpaka nikasahau baraza.

"Mikono yako haina kosa," nikamwambia. "Ni masikio."

"Unasemaje?"

"Si ndiyo hiyo ninayosema!" Nikaenda nikasimama mbele yake. "Husikii, bwana! Birika limepiga mluzi mgongoni mwako, wewe umetulia kama gunia la chumvi!"

Akaligeukia birika. Lilikuwa bado linafuka. Akapeleka mkono sikioni.

"Nilidhani magari ndiyo yaliyozeeka pumzi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila linalokuja, nikisikiliza, naona limefifia. Nikasema, haya, ni uzee wa vyuma. Wewe umejua tangu lini?"

"Leo hii. Lakini ningejua zamani kama ningekuwa na akili. Tangu lini unaniitikia 'ndiyo' kwa kila kitu? Tangu tuoane hujawahi kukubali neno langu bila kulibishia kwanza. Nikadhani umri umekutia adabu!"

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena. Nikamshika bega. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma pia, kwa sababu nilikuwa nimeshajua nitakachofanya.

"Basi ndiyo mwisho," akasema. "Fundi wa kabureta asiye na masikio ni fundi gani?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nikamjibu, nikautungua mpira msumarini. "Washa gari."

"Weka chini hiyo. Wewe ni wa viti."

"Na viti hivyo nimevishonea wapi, mwezini? Nimekuwa humu humu, nikisikiliza makelele yako na ya magari yako. Washa!"

Akawasha. Nikaupachika mpira sikioni, ncha nyingine nikaipeleka kwenye kabureta ya kulia, kisha ya kushoto, kisha ya kulia tena. Nilijua kitu hakiko sawa, ila sikujua kukitaja. Yeye akanisubiri na bisibisi yake, akisoma midomo yangu.

"Hii ya kushoto," nikasema, "ni kama uzi wa chini umelegea. Wa juu unavuta, wa chini umelala."

Macho yake yakafunguka. Alikuwa ameirekebisha cherehani yangu mara nyingi; asingekosa kunielewa. Akaingiza bisibisi, akazungusha kidogo. Nikainua kidole: bado. Akazungusha tena. Bado. Akapita kiasi, nikamtwanga kofi la bega, akarudisha. Mikono ile haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Taratibu ile pumzi ya kushoto ikaamka, ikaifuata mwenzake, ikaikaribia, ikaifikia. Nikahamisha mpira huku na huku, nisiweze kuzitofautisha. Nilisimama pale nimefumba macho, na raha niliyoiona sikupata kuiona kwenye baraza lolote.

"Kaza hapo hapo," nikasema.

Akakaza. Akashusha boneti, akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale kwenye mtetemo. Uso wake ukatulia.

Asubuhi lori la Bi Mkunga lilitangulia na makabati yake. Yeye akashika usukani, mume wangu ubavuni kwake, mimi nyuma kwenye kiti changu mwenyewe. Binti yetu alitufuata na gari lake jipya, ndani amebeba kamba ya kuvutia magari. Mtoto yule hana imani.

Kilima cha shule tulikipita bila hata kukijua. Mlima ukaanza. Kona ya kwanza, ya pili. Bi Mkunga akashusha gia, injini ikaingia kazini, na mimi nilikuwa nimejikunja nyuma nasikiliza kila mpigo, mkono kifuani. Kwenye mwinuko mkali kuliko yote, ule wenye mawe meupe, mume wangu akanigeukia. Paji la uso lilikuwa limemlowa jasho.

"Linasemaje?"

"Halisemi kitu!" nikapiga kelele. "Linapanda tu!"

Mbele yetu lori la vyombo lilikuwa linatambaa, linatoa moshi mweusi. Bi Mkunga akalitazama, akaitazama barabara, ilikuwa tupu kabisa.

"Nisameheni, makabati yangu," akasema, akapiga honi, akakanyaga mafuta.

Tukalipita! Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani, mdomo wazi. Mume wangu alikuwa anapiga dashibodi kwa viganja vyote viwili, akicheka kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Gari jipya la binti yetu, pamoja na kamba yake, lilibaki nyuma ya lori likila moshi.

Juu, mwana wa Bi Mkunga alikuwa amesimama langoni. Alifungua lango lote, pande zote mbili, akaenda kusogeza matofali yaliyokuwa uani.

Binti yetu alifika baadaye. Alishuka na funguo za nyumba yenye baraza zinaning'inia kidoleni. Nadhani alikuja nazo kwa ajili yangu. Alitukuta tumeinama kwenye boneti, kwa sababu injini ikishapata moto lazima isikilizwe tena.

"Mama, unasikia nini humo?" akauliza.

Nikampa mpira. Akaangalia mikono yake, akanikabidhi funguo nimshikie, akaupachika mpira sikioni. Akafumba macho, vile vile kama baba yake.

"Nasikia upepo tu."

Akahamisha ncha ya mpira upande wa pili. Akairudisha. Akakunja uso, akaihamisha tena, pole pole zaidi.

"Huu wa kushoto..." akaanza, kisha akaukandamiza mpira sikioni.

Baba yake akachukua bisibisi, akainama, akamngojea.