Ndevu za Dorsey na Kisima cha Leota

Nitegulieni hiki: nyumba ina makufuli mawili, mume akifungua lake haiingiliki mpaka mke afungue la kwake. Jibu lake Bi Leota Guidry wa Beaumont alilipata mwaka ule mafuta yaliporuka kutoka ardhini kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, naye alilipatia katika ofisi ya mawakili Tarver na Quarles.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi. Kabla ya mafuta, mawakili wale waliishi kwa kesi za nguruwe waliovuka ua, na wiki nyingine hata nguruwe walitulia. Sasa foleni ilifika barabarani, kila mtu na shamba lake la kukodisha. Taabu ilikuwa moja. Sheria ya Texas ilitaka mke aulizwe peke yake, mumewe akiwa mbali, kama anatia sahihi kwa hiari. Peke yake wapi? Hata kabati la ofisi lilikuwa limekodishwa kwa mtu wa kulala.

Ndipo mzee Tarver akapatana na kinyozi Alcide. Mume akae chini anyolewe, mke aulizwe juu. Akishatia sahihi, wakili avute kamba iliyopita kwenye tundu la sakafu, kengele ilie, mume aachiwe. Kabla ya kengele, hakuna kuinuka. Kwa kawaida mke mmoja alichukua muda wa kidevu kimoja.

Dorsey Guidry alikuja na ndevu za kufika kifuani, alizozifuga tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Yeye alikwisha kutia sahihi. Mwenye kukodi, Bwana Crandall, alikwisha kupigilia vijiti: mnara wa kuchimbia mafuta utasimama hatua sita kutoka kisima cha maji cha Leota. Na mji mzima ulikuwa unaharisha kwa maji machafu. Kisima kile alichokichimbisha marehemu mama wa Leota ndicho kilichobaki kitamu. Leota alilisema hilo nyumbani siku tatu. Dorsey akamjibu kwamba tajiri hana haja ya kisima.

Wakili kijana, Ansel Quarles, alisoma hati kama mtu anayekimbia mvua, kisha akauliza alivyozoea: anatia sahihi kwa hiari yake?

"Na nikisema hapana, mwanangu?"

Quarles akainua kalamu. Wake wote aliowauliza, hakuna aliyewahi kumrudishia swali. Akakiri kwamba basi karatasi ile, na sahihi ya mumewe ndani yake, itafaa kufungia samaki.

Leota akavua kofia, akaiweka mezani. Naye aliyataka mafuta, maana paa lilikuwa linavuja, ila paa huzibwa. Akamwomba asome tena, polepole, na kila mstari akauliza maana yake.

Kupitia lile tundu alimsikia Dorsey akilalamika kwamba ndevu zimekwisha na sasa wembe uko kwenye sharubu. Alcide akamjibu kwamba mapatano ni mapatano, akachukua mkasi wa nywele.

Crandall akagonga mlango, akatishia kwenda kwa jirani. Aligonga mara tatu, na kila mara aliondoka mbio akishika tumbo, akielekea chooni nyuma ya jengo. Leota alizihesabu zile mbio.

"Mwandikie," akamwambia Quarles, "mnara, bomba wala dimbwi lisikaribie kisima changu kwa futi mia tatu. Na mimi nitampa ndoo moja ya maji matamu kila asubuhi, muda wote atakaokaa hapa."

Quarles akatoka na karatasi. Leota akabaki anaitazama kamba, akiwaza kama amekaza mno. Kisha akamsikia Crandall kwenye ngazi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukimbia, akiuliza ndoo ni kubwa kiasi gani.

Kengele ikalia.

Chini, kitini, alikaa mtu mwenye kichwa kama yai, na kidevu kidogo chenye kishimo katikati. Leota akasimama. Alikisahau kile kishimo kwa miaka ishirini na miwili.

"Mke wangu," akasema Dorsey, "umenimaliza."

"Nimekubakizia masikio, Dorsey, yale ambayo nyumbani hukuyatumia." Akakigusa kishimo kwa kidole. "Kumbe bado upo."

Ofisi ya Tarver na Quarles ilikuja kuwa kubwa, ikahamia jengo lake lenyewe, na kipengele kile kikaingia katika kila hati yao kwa jina la futi za Leota. Lakini mabadiliko ya kwanza yalionekana wiki ileile. Wanaume wenye ndevu nzuri walianza kuwauliza wake zao nyumbani, kabla ya kupanda ngazi.