Titi la Kushoto, Namba Mbili

Joash alikuwa ameshika titi la uzi mkononi pale alipomwona mama mkwe wake akiingia ukumbini.

Lilikuwa titi la kufundishia, limefumwa kwa uzi wa sweta wa rangi ya kahawia, na ndani yake zimeshonewa gololi tatu ili wanawake wajizoeze kuzitafuta kwa vidole. Kwa miaka sita, katika kliniki aliyofanyia kazi kama daktari mjini Migori na katika kambi za uchunguzi huko Homa Bay, Joash alikuwa amelibinya titi hilo mbele ya umati bila kupepesa jicho. Alitaja chuchu, tezi za maziwa, mifereji ya maziwa na tezi za kwapani kama mtu anayetaja majina ya jirani zake. Lakini Jumapili hiyo, katika ukumbi wa kanisa la Waadventista waliouazima kwa uchunguzi pale Rodi Kopany, ulimi ulimganda. Akalificha titi nyuma ya mgongo, mtu mzima na ndevu zake.

Mama huyo hakungoja salamu. Alimwona mkwe wake, akaliona na lile titi, akageuka na kutoka.

Msimcheke. Kwa Wajaluo mama mkwe ni maro, na maro si mtu wa mzaha. Halali nyumbani kwa mkwewe, hazoeani naye, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Joash alikuwa amemwoa Scovia miaka kumi na miwili, na muda wote huo yeye na mama yake Scovia walikuwa wamezungumza habari za mvua, mahindi na wajukuu, basi. Joash mwenyewe aliipenda heshima hiyo na kujivunia kwamba hajawahi kuivunja.

Ila alikuwa ameona jambo. Mama alipogeuka, mkono wa kushoto ulikuwa umekaa mbali kidogo na ubavu, kama wa mtu mwenye jipu kwapani. Joash alikuwa ameona wanawake wengi wakitembea hivyo, na wengine wao hawakuwa hai tena.

"Sister Beverlyne!" alimwita muuguzi aliyekuja naye kutoka Migori. "Mkimbilie yule mama wa kitambaa cha buluu. Ni mama yake Scovia. Mwambie arudi."

"Mama mkwe wako? Si umwite wewe?"

"Siwezi."

"Na akirudi atapimwa na nani? Hiyo mashine ya ultrasound mimi siijui, na anayeijua hapa ni wewe peke yako."

"Mrudishe kwanza, tafadhali."

Beverlyne alimkuta mama kwenye stendi ya bodaboda, mguu mmoja umeshapanda. Alichomwambia hakukisimulia chote, lakini Beverlyne ni Mkisii mwenye mdomo wake, na baada ya nusu saa walirudi wawili. Mama akaketi kwenye benchi la nje. Beverlyne akaleta masharti.

"Anasema atapimwa. Lakini wewe usimwone, yeye asikuone, na usimsemeshe. Ukiwa na swali, uliza mimi."

Basi wakafunga kamba kwenye kona ya ukumbi, wakatundika leso tatu. Kitanda kikawa upande wa ndani. Joash akakaa upande wa nje na skrini yake, waya wa mashine, wenye kifaa cha kupitisha mwilini, ukapita chini ya leso hadi mkononi mwa Beverlyne.

"Aweke mkono wa kushoto chini ya kichwa," Joash alisema. "Paka jeli. Sasa, Sister, fanya kama titi ni uso wa saa. Kumi na mbili iko juu. Anzia hapo, uzunguke polepole. Bonyeza kidogo."

Kwenye skrini yakatokea mafuta ya kijivu, tezi nyeupe, na mifereji myembamba iliyowanyonyesha watoto saba, Scovia akiwa wa nne. Joash aliona haya hata kwa picha hiyo. Lakini alikaza macho.

"Nenda moja. Vizuri. Nenda mbili." Akaisogelea skrini. "Simama hapo."

Kilikuwa kitu cheusi, kirefu kuliko upana wake, na kingo zake zimechongoka vibaya. Alikipima, sentimita tatu kasoro kidogo. Akamwomba Beverlyne apande hadi kwapani, na huko akaona tezi moja iliyovimba ikawa mviringo kama punje ya njegere, dalili kwamba huenda ugonjwa umeanza kusambaa. Mashine haikati shauri la ugonjwa huu. Anayekata ni maabara, wakishapima kipande cha nyama. Hata hivyo Joash alikuwa ameshaona picha nyingi za namna hiyo.

"Muulize hiki kitu alikigundua lini," alisema.

Beverlyne akauliza.

"Mwambie ni mwaka jana, Novemba," sauti ya mama ilisema. "Siku ile nilipokuja kwake Migori."

Joash aliikumbuka siku hiyo vizuri. Mama alisimama langoni bila taarifa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Scovia alikuwa amekwenda Isebania kununua bidhaa za duka lake. Joash alimpa mama kiti barazani na soda, akamuuliza kama nyumbani ni salama, akajibiwa ni salama, nilikuwa napita tu. Soda aliinywa nusu akaaga. Joash alimsindikiza hadi barabarani, akarudi ameridhika kwamba mgeni amepokewa kwa adabu. Yeye, anayeshinda akiwauliza wanawake wasiomjua kama wana uvimbe, hakumuuliza hata kilichomleta.

"Na kwa nini hukumpigia Scovia simu?" Beverlyne aliuliza, amekasirika waziwazi.

"Hilo si la simu, nyathina, mwanangu. Na kurudi tena kwa mkwe bila kuitwa, niliona aibu."

Miezi kumi. Joash alijichukia, na hakutafuta neno la kujitetea.

"Amenyamaza sana," mama alisema. "Mwambie asinifiche. Ameona nini?"

Beverlyne akageukia leso. "Daktari?" aliita, na sauti yake haikuwa na ukali tena.

Joash akapiga moyo konde.

"Mama," alisema mwenyewe. "Ni mimi. Nisamehe. Kuna uvimbe kwenye titi lako la kushoto."

Neno titi alikuwa amelitaja maelfu ya mara, lakini kamwe si kwa maro. Akaendelea kabla ushujaa haujamwisha. "Uko juu, upande wa nje, penye namba mbili ya saa. Na tezi moja ya kwapani imevimba. Inaweza kuwa saratani, Mama. Kesho nitakupeleka hospitali wakate kipande kidogo wakapime, na matibabu yapo. Lakini ningekuuliza siku ile, tungeukuta ungali mdogo. Hilo kosa ni langu."

Nyuma ya leso kitanda kililia kidogo. Joash alisikia mama akifunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja. Alidhani ataondoka bila neno, na kwamba hatamwona tena nyumbani kwake hata kwa harusi ya mjukuu.

"Baba Dorine," mama alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake mkubwa. "Hayo sema tena, polepole. Scovia ataniuliza, na sitaki nikosee."

"Titi la kushoto, Mama."

"Titi la kushoto."

"Juu, penye namba mbili."

"Juu. Namba mbili."

"Na tezi ya kwapani imevimba."

Hapo mama hakurudia. Beverlyne alikuwa amemshika mkono, na Joash, upande wake, alikuwa akilia bila kujificha.

"Hiyo ya kwapani," mama alisema hatimaye, "mwambie Scovia wewe."

"Nitamwambia, Mama."