Alama Namba Arobaini na Saba

Umeme wa eneo la Bahati huwa na nguvu saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa mbili, majirani wakishawasha pasi na kinu cha kusaga mahindi kikianza kuunguruma, mashine ya Wangeci hukohoa tu na rodi hunata kwenye chuma. Ndiyo maana yeye huchomelea kabla ya chai.

Ijumaa hiyo hakuwa na cha kuchomelea. Geti la milango miwili lilikuwa tayari, nondo juu, bamba chini, rangi ya kijivu ikiwa bado inanata kidogo. Yeye na bintiye Kimberly walilitoa nje, mlango mmoja baada ya mwingine, wakaliegemeza kwenye ua upande wa barabara. Kila fundi wa barabara ile hufanya hivyo. Jua la asubuhi hupiga upande huo, na geti likionekana huvuta mteja mwingine.

Aliingia ndani kumimina uji. Alipotoka, mwanamume mwenye fulana ya kung'aa alikuwa anapangusa brashi kwenye nyasi. Kwenye bamba la mlango wa kushoto palikuwa na X nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na chini yake 47.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Mathe, pole. Tumetumwa. Kila kitu kilicho nje ya ua kiko kwa barabara, kitabomolewa."

"Hilo ni geti la mteja. Limekauka saa ngapi liwe jengo?"

"Mimi napiga tu alama. Enda ofisini uulize."

"Na nikiifuta?"

Mwanamume alicheka. "Imeandikwa kwa kitabu tayari. Ukifuta, ni kosa."

Wangeci alijua si utani. Mwaka uliotangulia, muuza mitumba wa upande wa pili wa barabara alifuta X yake kwa petroli akalala selo siku mbili.

Akampigia simu Mama Chepkemoi wa Dundori, mwenye geti. Wiki iliyopita wezi walikuwa wameondoa fito za lango lake na kutoka na ng'ombe wawili. Watatu waliobaki aliwalinda mwenyewe, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tochi mkononi. Wangeci alikuwa amemwahidi kwamba leo atalala.

"Wangeci, usiniletee kitu kiko na X," alisema Mama Chepkemoi. "Hata mwizi akiiona atajua hii boma haina mwenyewe."

"Ni rangi tu, mama."

"Si rangi. Ni serikali. Lakini usiku wa leo pia sitaweza kukesha. Nimechoka, mwanangu."

Ofisi ya barabara ilikuwa nyumba ya mawe kando ya lami. Alipokuwa akingoja nje, Wangeci alihesabu hatua kutoka lami hadi ukutani, kwa mazoea tu, kama anayepima dirisha. Nane. Kwake, hadi kwenye ua, ni kumi na moja.

Karani aliitwa Kiptum. Alifungua kitabu, akapitisha kidole.

"Arobaini na saba. Chuma, rangi ya kijivu. Ndiyo hii."

"Ni geti. Lilikuwa linakauka."

"Naelewa, mama. Lakini kuondoa alama lazima mkubwa asaini."

"Yuko wapi?"

"Semina, Naivasha. Atarudi Jumatano."

"Ng'ombe wa mtu wataibiwa kabla ya Jumatano."

"Hiyo ni ya polisi. Sisi ni barabara." Alifunga kitabu polepole, bila ubaya. "Usiifute tu, mama. Tukija kukagua na arobaini na saba haiko, mimi ndiye nitaulizwa."

Wangeci alisimama mlangoni kidogo, akiligeuza neno hilo kichwani. Usiifute. Halafu akapanda boda kwenda mjini.

Katika duka la chuma la Jaydeep alichagua kipande cha bamba kilichobaki kwenye kazi ya mtu mwingine. Jaydeep alimtajia bei.

"Jumatatu haikuwa hiyo."

"Hata mimi nauliza, mama. Wananiambia dola imepanda. Mimi hiyo dola sijawahi kuiona."

Wangeci alitoa mkobani kalipa yake ya kupimia unene, akabana ukingo wa bamba.

"Bado unatembea na hiyo kitu ya college?" Jaydeep alicheka.

"Mpaka siku mtaacha kuandika uongo kwa chaki. Hapa mmeandika milimita moja na nusu. Ni moja na robo."

Jaydeep aliacha kucheka, akaenda nyuma akaleta kingine. Wangeci alikipima hicho pia. Kikawa sawa. Alilipa kwa pesa aliyoiweka ya rodi za wiki ijayo.

Nyumbani alilaza mlango wa kushoto chini, akawasha grinda. Alikata bamba lenye alama kwa kufuata mishono yake mwenyewe, mishono aliyoinyoosha kwa saa nzima siku mbili zilizopita. Hakugusa rangi nyekundu. Lilipoachia, alilibeba kwa kingo kama sinia, akaliegemeza penye kivuli.

Sasa ilikuwa saa saba, na umeme ulikuwa dhaifu. Alijaribu rodi, ikanata. Akaijaribu tena, ikanata. Basi akazunguka ua kwa ua na glavu zake mkononi.

"Zimeni pasi dakika ishirini tu. Geti lazima liende."

"Na kinu?" aliuliza mwenye kinu.

"Na kinu."

"Wateja wamejipanga hapa, Wangeci."

"Waambie ni la yule mama aliyeibiwa ng'ombe."

Kinu kilinyamaza. Alichomelea haraka, mshono baada ya mshono, na majirani wakamngoja.

Saa tisa na nusu Kipkoech, dereva wa mizigo, alifika na pikapu. Walifunga geti kwa kamba, nalo bamba lenye alama Wangeci akalipakata kiti cha mbele. Alimwomba asimame ofisini.

Kiptum alitoka mlangoni. "Hii ni nini tena?"

"Arobaini na saba. Ulisema nisiifute. Sijaifuta. Nisainie kwamba nimeileta."

"Siwezi kusaini. Hatuna fomu ya kupokea kitu kama hiki."

"Basi haya."

Aliliegemeza kwenye ukuta wa ofisi, alama ikitazama barabara. Wanawake wawili waliobeba sukuma wiki walisimama.

"Ala! Kwani hata hawa wanabomolewa?"

Wangeci alirudi garini. "Twende, Kipkoech. Dundori giza huingia mapema."

Kwenye kioo cha pembeni alimwona Kiptum amechuchumaa mbele ya bamba, kitambaa mkononi. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha akakirudisha kitambaa mfukoni, akabaki amechuchumaa pale.