Namba ya Mwalimu Munyoki

Siku ya maombi ya Kidato cha Nne, Mwelu alifunga safari kutoka Marungu hadi shuleni na wanawake wenzake wa kanisa, wakazishika kalamu za watoto wao na kuziombea kwa machozi. Alipopewa nafasi ya kusema, alitangaza kuwa bintiye Nthambi atakuwa nesi. Nthambi aliinamisha kichwa. Aliiogopa kemia kama kifo, na hilo alikuwa hajamwambia hata Mungu, sembuse mama.

Shule yenyewe haikuwa na maji. Yale machache yaliyoletwa na lori yaliishia jikoni, kwa hiyo jaribio la kudondosha asidi mpaka rangi ibadilike walilijua kwa kuchorewa ubaoni. Mwalimu Munyoki alichora vizuri, hilo tusimnyime, lakini mchoro hauzoeshi mikono.

Siku ya mtihani maji yakapatikana. Kwa mtihani huwa hayakosi. Nthambi alifungua bomba la kioo polepole, tone baada ya tone, mara maji ya chupa yakageuka waridi hafifu. Alitaka kucheka. Akasoma kipimo chake, akakiandika. Alikuwa ameweza.

Ndipo Mwalimu Munyoki alipopita katikati ya meza kana kwamba anakagua vyombo, akinong'ona namba ya jibu. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia wazi kwamba wastani ukishuka tena, atafute pa kwenda. Darasa zima likainama kuandika. Shanice, jirani yake, alichungulia karatasi ya Nthambi, akasonya.

"Usituchomee. Andika kama sisi."

Nthambi aliitazama namba yake. Ilitofautiana kidogo tu na ya mwalimu. Lakini yeye ni nani, mtu aliyeshika bomba mara ya kwanza leo, abishane na mwalimu? Akaikata, akaandika ile ya wote.

Wasahihishaji walikuta darasa zima lina kipimo kimoja, hadi nukta ya mwisho, wakajua wamepeana jibu. Matokeo ya kemia yakafutwa, na unesi ukaenda nayo.

Mwelu alizipokea habari akichambua ndengu, akiokota mawe na kuyatupa. Hakugomba. Aliuliza tu:

"Kwani ulikuwa hujui jibu, mwanangu?"

Swali lilimpa Nthambi pa kujifichia, naye alipaona. Angesema hakujua, mama angeilaumu shule na ukame, maisha yakaendelea.

"Nilijua, mama."

Mwelu aliendelea kuchambua, ila sasa alikuwa akitupa ndengu nzuri pamoja na mawe.