Kizingiti Si Nje

Nimefundisha kupatwa kwa mwezi miaka yote niliyokaa darasani, na sikuwahi kuuona ukipatwa hata siku moja. Nachora ubaoni jua, dunia na mwezi, halafu napaka kivuli kwa ubavu wa chaki. Watoto wananiuliza, "Madamu, wewe ulipouona ulikuwaje?" Nawaambia wanyamaze wachore. Mwaka huu niliwaahidi kwamba nitautazama kwa macho yangu niwasimulie. Hesabu ya tumbo langu sikuipiga. Jumapili ile ya Septemba ilinikuta ndani, Bunda, na mtoto mchanga, arobaini haijafika hata nusu.

Na aliyeshika mlango alikuwa mama mkwe wangu, Bi Mwamvita.

"Mzazi hatokagi nje giza likiingia," alisema. "Mwezi wenyewe unaumwa, sembuse wewe."

Mume wangu, Abdulnasir, ambaye angenitetea, alikuwa ameshaenda msikitini kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Nikanuna. Mimi nikikasirika huwa sisemi, nakunja nguo. Nikakunja nepi za mtoto zikaisha, nikazikunjua, nikaanza upya.

Mara simu ikalia. Mdogo wangu Samia alikuwa ufukweni Musoma, anarusha mubashara Facebook.

"Dada Raya, huu hapa! Kwa ajili yako!"

Nikatazama. Kioo kilikuwa cheusi tii, na katikati kitu kama punje ya mtama, kinatetemeka pamoja na mkono wake. Maoni yakaanza kumiminika. Fredi wa Kiabakari akaandika, "Mbona mimi naona giza tu?" Jenipher naye akajibu, "Huku Butiama umekuwa mwekundu kabisa! Tokeni nje jamani!"

Tokeni nje. Machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Mama mkwe akaona. Akaja, akaisogeza simu mpaka karibu na pua.

"Hiyo si mwezi. Hiyo taa ya bodaboda."

"Ni mwezi, Mama."

"Huyo mdogo wako anakudanganya. Ngoja nikauangalie wenyewe, uache kulilia taa ya mtu."

Akatoka. Nikasubiri arudi kunisema. Huyu ni mama ambaye hanyamazi hata akila, lakini uani kulikuwa kimya, mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Subhanallah," nikasikia, kwa sauti ndogo.

Kisha akaingia mbiombio. Akamvika mtoto kofia ya sufu, akanizungushia kanga mbili na juu yake koti kuukuu la marehemu mume wake, akatandika mkeka mlangoni.

"Kaa hapa. Miguu ndani."

"Si ulisema nisitoke?"

"Kwani umetoka? Kizingiti si nje."

Nikainua uso. Ulikuwa juu ya paa la jirani, rangi ya chungu kipya. Michoro yangu yote ilikuwa bapa kama chapati, kumbe mwezi ukipatwa ndipo unapoonekana ni mviringo kweli, tufe zima, hata ungetamani kulishika. Nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti, mtoto akashtuka.

"Asante, Mama."

Alikuwa amesimama uani, shingo imelala nyuma, hanitazami.

"Mimi nimezaa saba," akasema. "Arobaini zote nilikaaga humo ndani. Nilisikiaga watu wanacheka huko nje. Hakuna mtu aliyeniitaga mlangoni."

Nikajisogeza, akaja akaketi, tukabanana kizingitini, mtoto katikati. Simu kitandani ilikuwa bado inapiga kelele: "Dada, uko wapi? Unaona?" Mama akanyanyuka, akaileta.

"Mwandikie Samia. Mwambie tumeuona wenyewe, asijichoshe mkono."

Nikaandika mbele ya watu wote waliokuwa wakitazama: "Nimeuona, niko na mama yangu."

"Umeandikaje?" akauliza, maana hakuwa na miwani.

Nikamsomea. Akanifunika vizuri na kanga.

"Soma tena," akasema.