Tulia Kwenye Picha za Wageni

Kila alasiri studio ya picha iliyo mkabala na hoteli kubwa hujaa wageni wanaotaka kuchapishiwa picha kabla ya kupanda basi. Mama mwenye studio huchomeka simu zao kwenye mashine, huchapa, kisha huwaonyesha kwa ncha ya kisu mtu aliyesimama nyuma yao pichani.

"Huyo ni mume wangu. Nimtoe au nimwache?"

Wengi humwacha. Ni mtu wa heshima, shati limenyooshwa, na hamsumbui mtu.

Mjini walimwita Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila mtu kabla ya kubofya kamera, hata mbuzi. Enzi hizo barabara ya hoteli ilikuwa na raha yake. Akina mama wauza kofia walitundika bidhaa zao ukutani, na askari wa doria walizijaribu moja baada ya nyingine huku wakijitazama kwenye vioo vya magari. Tulia aliwapiga picha hivyo hivyo, kofia za kazi zikiwa kwapani, nao wakawapelekea mama zao picha hizo. Watu walicheka siku zile, jamani.

Kisha hoteli ikataka ukuta wake uwe mtupu. Askari walewale wakaja na virungu, na Tulia akapiga picha hiyo pia. Wakamchukua yeye na kamera yake. Mkewe alipokwenda kituoni aliambiwa kwamba mtu kama huyo hawakumpokea.

Msimu uliofuata akaanza kutokea kwenye picha za wageni: mara kwenye kibanda cha maji ya matunda, mara katikati ya njiwa, siku zote kamera ikiwa usoni. Mkewe alifurahi, halafu ikaanza kumkera. Mganga hajigangi: aliyepiga picha mji mzima hakuacha hata moja yake mwenyewe, na mkewe alikuwa ameanza kuyasahau macho yake. Kikohozi chake alikikumbuka. Hata vifungo vya shati. Macho, hapana.

"Ishushe basi, baba," aliiambia kila picha kabla ya kuikabidhi. "Mara moja tu nikuone."

Juzijuzi akaja bibi harusi aliyekuwa kwenye fungate, na picha aliyopigwa mbele ya ukuta wa hoteli. Nyuma yake Tulia alikuwa ameishusha kamera. Jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine, kwa miaka yote ya kulifumba. Mama akacheka, kisha akalia, na bibi harusi akamshikia kisu.

"Na huyu askari aliyemshika bega?"

"Ndiye aliyemchukua."

Bibi harusi akamwachia nakala ya hao wawili. Mama akaipeleka kituoni, akaiweka mezani kwa mkuu wa kituo.

"Afande, mume wangu huyu hapa. Na wewe huyu hapa."

Mkuu wa kituo akavaa miwani. Hakukana.

"Ndiye mimi. Lo, nilikuwa mwembamba!"

"Mlimpeleka wapi?"

"Si huyo hapo, mama? Unamwona mwenyewe." Akaendelea kuitazama, na sauti yake ikalegea. "Mama yangu bado anazo zile za kofia. Alizipenda sana. Naomba unichapishie na hii nimpelekee."

Kesho yake akaja kuichukua. Mama akamuuliza kama anavyomuuliza kila mteja.

"Nimtoe au nimwache?"

Mkuu wa kituo akafikiri.

"Mtoe. Bi mkubwa ataniuliza ni nani."

Mama akaikata picha katikati, polepole, rula ikiwa imetulia. Mkono wa askari haukuwa na namna ya kuondolewa, ukabaki begani kwa Tulia. Mkuu wa kituo akashukuru, akaondoka na picha yake inayoishia kwenye kiwiko.

Nusu nyingine imetundikwa juu ya mashine, mahali ambapo yale macho yanamwona akifanya kazi. Kila asubuhi mama huipangusa vumbi, uso kwanza, halafu bega, halafu ule mkono.